Kijana, Umefuata Nini Hapa?

Jina lako silijui, wala sijui karatasi hii umeipata wapi. Labda umepewa uwanjani kwenye mkutano, ukaikunja na kuitia mfukoni kwa heshima tu. Labda umeiokota kwenye kiti cha daladala. Vyovyote ilivyokufikia, nakuomba uisome mpaka mwisho. Haitakugharimu kitu, na sitaanza kwa kukuhesabia dhambi zako.

Nitaanza na swali. Je, umewahi kuamka usiku wa manane, watu wote wamelala, mbwa tu wanabweka kwa mbali, ukasikia moyo unakwenda mbio bila sababu? Huna homa. Hukuota ndoto mbaya. Ni wazo tu limekuja: mimi nitakufa. Na hata nisipokufa kesho, naishi kwa ajili ya nini? Ukageuka upande wa pili wa kitanda, na wazo likageuka pamoja nawe. Asubuhi ukawakuta wenzako kijiweni wanacheka, ukacheka nao, hukumwambia mtu. Maana utaanzaje? Ukisema una njaa watu wanaelewa. Ukisema umeachwa na mchumba watakupa pole. Lakini ukisema unaogopa kule kuishi kwenyewe, wataona umechanganyikiwa.

Kama jambo hilo limewahi kukupata, karatasi hii ni yako. Mimi pia lilinipata, na sikuwa mtu wa kanisani.

KITI CHA UTINGO

Mimi shule niliishia darasa la saba. Kabla ya kuokoka na kwenda kusoma chuo cha Biblia nilikuwa utingo wa malori, Dar es Salaam mpaka Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwenda, na kurudi ni zilezile. Anayeijua kazi hiyo anajua. Kufunga turubai mvua ikinyesha, kuweka jiwe nyuma ya tairi mlimani, kulala chini ya tela ukilinda mafuta yasiibiwe.

Nilikuwa na utingo mwenzangu, wa gari jingine la tajiri yuleyule. Tuligawana sigara, tuligawana blanketi, tukikutana Makambako tunakula sahani moja. Mwaka 2011, wakiteremka Kitonga, gari likafeli breki. Dereva alitoka na mguu uliovunjika. Rafiki yangu hakutoka.

Tulimzika kwao siku ya Jumamosi. Jumatano tukarudi yadi kupakia mzigo. Tajiri alikuwa ameleta gari jingine na dereva mwingine, maana biashara haisimami. Nikachungulia kwenye kiti cha utingo. Amekaa kijana mwingine, anatafuna hindi la kuchoma, na taulo lake amelining'iniza palepale mwenzangu alipokuwa akining'iniza la kwake.

Siku nne tu!

Yule kijana sikumchukia. Alikuwa anatafuta riziki kama mimi. Lakini tangu siku ile likaniingia swali moja, likakwama kama mwiba wa samaki kooni: na mimi nikifa, kiti changu kitakaa wazi siku ngapi? Na kama kitakaa wazi siku nne tu, hii jasho yote, hii barabara yote, ni ya nini?

Nilijaribu kulikimbia swali lile. Nilikunywa. Nilicheza kamari, sisi kwa karata chini ya gari. Ninyi siku hizi mna mikeka kwenye simu. Nilijitia kwenye kazi mpaka nikanunua kiwanja, nikasimama katikati ya kiwanja changu nikiwa na hati mkononi, nikasikia swali lilelile. Sitakaa sana kwenye habari hizo, unazijua. Pombe inalilaza swali usiku, lakini asubuhi swali linaamka kabla yako.

MTU ALIYEKUWA NA KILA KITU

Nilidhani nikifungua Biblia itanikemea. Kumbe katikati ya Biblia kuna kitabu kizima cha mtu mwenye swali langu! Kinaitwa Mhubiri, kina sura 12. Mwenyewe anajitambulisha kuwa ni wa ukoo wa Daudi na kwamba alitawala Yerusalemu. Ndiyo maana wengi tangu zamani wamesema ni Sulemani.

Mtu huyu hakuwa utingo. Soma sura ya pili, mstari wa 4 hadi wa 11. Alijenga majumba. Akapanda mizabibu na bustani, akachimba mabwawa ya kumwagilia miti. Alikuwa na watumwa, mifugo, fedha, dhahabu, na waimbaji wanaume kwa wanawake. Yaani kwa lugha ya leo, bwana mkubwa ana jumba Masaki na bendi inapiga sebuleni kwake. Halafu anakaa chini, anaangalia yote, anasema ni kama kufukuza upepo. Mstari wa 17 anakiri kwamba aliuchukia hata uhai wenyewe. Na mstari wa 18 na wa 19 ndipo aliponishika shati: anasikitika kwamba yote aliyoyafanyia kazi atayaacha kwa mtu mwingine, na hajui kama mtu huyo atakuwa na akili au mpumbavu. Si unaona? Mfalme naye alikuwa anawaza juu ya kiti chake.

Basi kama unadhani hofu yako itaondoka siku utakapopata gari, au siku ya harusi, au ukipata viza, muulize huyo mfalme.

Na usidhani ni habari za zamani za Biblia tu. Mwalimu wetu wa chuo alitusimulia juu ya Mrusi mmoja, Leo Tolstoy, aliyezaliwa mwaka 1828. Alikuwa tajiri wa ukoo, mwandishi aliyejulikana Ulaya nzima kwa kitabu chake Vita na Amani, mwenye mke na watoto na afya njema. Alipofika umri wa kama miaka 50 swali likamwingia. Ana mashamba ya kama ekari 16,000 katika mkoa mmoja, ana farasi 300, haya, halafu? Umaarufu wake unaweza kupita wa waandishi wote duniani, haya, halafu? Hakuwa na jibu. Ikafika mahali akaacha kwenda kuwinda na bunduki, maana alijiogopa yeye mwenyewe. Aliyaandika hayo kwa mkono wake katika kitabu chake cha maungamo. Na alipotafuta watu wanaojua kwa nini wanaishi, hakuwapata kwa wasomi wenzake. Aliwaona kwa wakulima maskini, watu wa jembe na sala. Sikuambii kwamba mambo ya Tolstoy yalinyooka yote baada ya hapo. Aligombana na kanisa la kwao mpaka likamtenga mwaka 1901, na nyumbani kwake hakukuwa na amani. Lakini nilipoisikia habari yake nilisema, kumbe swali la utingo na la mfalme na la mwandishi mkubwa ni moja!

MVUKE

Sasa sikiliza jambo ambalo nilijifunza chuoni na ambalo mpaka leo nikilihubiri machozi hunitoka.

Lile neno "ubatili" ambalo Mhubiri analirudia mara nyingi sana, kwa Kiebrania ni hevel. Maana yake ya kwanza ni mvuke, au pumzi. Kama umewahi kufika Makambako mwezi wa saba asubuhi utaelewa. Unafungua mlango wa gari, unatoa pumzi, unaiona mbele ya mdomo wako, kawingu kadogo. Hesabu moja, mbili, kametoweka. Ndivyo Mhubiri anavyosema juu ya maisha yetu. Hasemi ni takataka. Anasema ni mvuke: upo kweli, lakini ukiufumbata, mkono unabaki mtupu.

Sasa katika Biblia yumo mtu ambaye jina lake ndilo hilohilo. Ni Habili! Kwa Kiebrania Habili ni Hevel. Mtoto wa pili wa Adamu na Hawa jina lake lilikuwa Mvuke. Na ndiye binadamu wa kwanza ambaye Biblia inasimulia kifo chake. Hakuacha mke anayetajwa, hakuacha mtoto, hakujenga mji. Katika habari yote ile hakuna hata sentensi moja aliyoitamka yeye. Aliuawa na ndugu yake shambani, na hapakuwa na shahidi. Kisha Mwanzo 4:25 inaeleza kwamba Hawa alizaa mtoto mwingine, Sethi, mahali pa Habili. Nafasi ikajazwa!

Lakini soma mistari ya 9 na 10. Kabla nafasi haijajazwa kuna Mtu aliyekuja kumuulizia. Mungu alimwendea Kaini akataka kujua ndugu yake yuko wapi, akamwambia kwamba damu ya ndugu yake inamlilia kutoka ardhini. Kijana aliyeitwa Mvuke, aliyepita duniani bila kuacha kitu, alikuwa na Mtu anayemuulizia kwa jina lake. Na Mungu hakumsahau baada ya Sethi kuzaliwa. Miaka mingi sana baadaye Yesu mwenyewe anamtaja Habili (Mathayo 23:35). Waebrania 11 ikiorodhesha watu wa imani, inaanza naye yeye.

Kijana mpendwa, hapo ndipo mwiba wangu ulipotoka. Tajiri anahitaji utingo. Ukifa atatafuta mwingine, wala si dhambi yake. Hata nyumbani, baada ya arobaini watu hurudi kwenye kazi zao. Lakini kwa Mungu hakuna Sethi anayemfanya amsahau Habili.

"YUKO WAPI MWENZAKO?"

Jambo hilo niliona kwa macho kabla sijalisoma. Kama mwezi mmoja baada ya msiba tulikwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma, siku ya nne gari halijasogea. Palikuwa na mama mmoja anayeuza chakula kando ya barabara. Nilikaa kwenye benchi lake. Akaniangalia, akasema:

"Mwanangu, tangu juzi unanunua chai tu. Huli."

"Sina hamu, mama."

"Na mwenzako yuko wapi? Yule wa ukoko. Safari ile nilimwekea ukoko wake, hakuja."

Nikashindwa kujibu. Rafiki yangu alikuwa anapenda ukoko wa wali, ule wa chini ya sufuria, na alikuwa akimsumbua mama yule kila safari. Nililia pale kwenye benchi mbele ya madereva, mtu mzima na ndevu zangu. Msibani sikuwa nimelia. Kumbe yupo mtu mmoja hapa duniani aliyemwekea ukoko akamngoja! Kwa mama yule, kijana mpya hakuwa amejaza nafasi ya mtu.

Hakunihubiria siku ile. Alinipa uji, akasimama mpaka nikaumaliza, akaniambia nikalale nyuma ya banda lake yeye ataniangalizia viatu. Nililala kama mfu mpaka jioni. Kesho yake akanipa tena chakula, hakutaka hela, ndipo akaniuliza:

"Na wewe mwanangu, umefuata nini hapa duniani?"

"Natafuta hela, mama."

"Hela tunatafuta wote. Nimeuliza ulichofuata."

Sikuwa na jibu. Jioni akanichukua kwenye kanisa lao, banda la mabati, watu kama kumi na watano, ngoma moja. Nilikaa nyuma.

NABII CHINI YA MTI

Nilipofika chuo cha Biblia na kusoma 1 Wafalme sura ya 19 nilicheka peke yangu, maana niliona mama yule alikuwa amenifanyia yaleyale ambayo Mungu alimfanyia Eliya. Na yeye chuo hakukanyaga.

Fungua sura hiyo kama una Biblia. Kama huna, nakusimulia. Eliya alikuwa nabii mkubwa. Sura iliyotangulia amesimama Mlima Karmeli peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, moto ukashuka, mvua ikanyesha baada ya ukame mrefu. Ungedhani mtu kama huyo hawezi kuogopa tena. Malkia Yezebeli akatuma ujumbe mmoja tu wa kumtishia, na Eliya akakimbia mpaka Beer-sheba. Pale akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, akakaa chini ya mti, akaomba afe. Akasema imetosha.

Angalia hapo kwanza: alimwacha mtumishi wake. Mtu akilemewa, kitu cha kwanza anachoacha ni watu. Anazima simu. Anasema yuko sawa. Kama umeanza kuwakwepa wanaokupenda, jua kwamba umefika Beer-sheba.

Sasa Mungu alimfanyaje? Hakumkemea. Hakumwambia wewe nabii gani. Alimtuma malaika, na malaika hakuja na hotuba. Alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji! Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwacha alale. Akamgusa mara ya pili, akamwambia ale kwa sababu safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Chakula, usingizi, chakula. Hapo bado maswali makubwa hayajaguswa. Wahubiri tumezoea kuanza na maneno, na nasema hivi nikijihesabu na mimi. Mungu alianza na mkate.

Kwa hiyo kijana, usijibu swali la maisha yako saa tisa usiku ukiwa na njaa na hujalala siku mbili. Saa hiyo kila jibu ni jeusi. Kunywa maji. Kula hata kama huna hamu. Weka simu mbali ulale. Subiri jua litoke ndipo uliangalie swali lako, utaona limepungua kimo.

Baada ya hapo Eliya akatembea siku 40 mpaka Mlima Horebu, akaingia pangoni. Ndipo Mungu akamuuliza amefuata nini pale. Eliya akamwaga yote: amejitahidi, wenzake wameuawa, amebaki peke yake, naye anatafutwa auawe. Ukapita upepo mkali, likaja tetemeko, ukaja moto, na Bwana hakuwemo katika hivyo. Kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu, na swali lilelile likarudi. Eliya naye akajibu maneno yaleyale. Hofu yake ilikuwa haijaisha! Nafurahi Biblia haikuficha hilo. Alikutana na Mungu na bado alikuwa na manung'uniko yake yote.

Jibu alilopewa halikuwa maelezo ya kwa nini dunia iko hivi. Alipewa kazi na alipewa watu. Rudi kwa njia uliyojia. Mtie mafuta Hazaeli, mtie mafuta Yehu, na Elisha awe nabii mahali pako. Angalia vizuri hilo la Elisha. Mungu anamwambia Eliya waziwazi kwamba kiti chake kitakaliwa na mwingine! Na Eliya hakuogopa tena, alikwenda mwenyewe kumtafuta huyo kijana shambani akilima na ng'ombe, akamtupia vazi lake. Tena akaambiwa hauko peke yako, wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Yeye alikuwa amehesabu mmoja tu.

Nami ndivyo ilivyonitokea. Hofu haikutoka siku moja kwa kelele. Ilipungua kidogo kidogo nilipoanza kuwa na mtu wa kumpikia chai, mzee wa kanisa wa kumfagilia uwanja, watoto wa Jumapili wa kuwafundisha nyimbo. Mimi niliyekuwa nawaza kiti changu kitabaki wazi siku ngapi, nikaanza kuwaza watoto wale watakula nini Jumamosi ya kambi. Yesu alisema hata kikombe cha maji baridi ukimpa mdogo mmoja kwa ajili yake hakitapotea (Mathayo 10:42). Bakuli la uji la mama wa Tunduma liko kwenye hesabu.

NENO KWA ALIYELEMEWA SANA

Hapa naomba uniangalie usoni, kama ingewezekana.

Kuna hofu ya usiku mmoja, na kuna uzito unaokaa. Kama zaidi ya wiki mbili huoni raha ya kitu chochote, hulali au unalala kutwa, chakula hakipiti, unajiona huna faida kwa mtu, basi huenda ni ugonjwa unaoitwa sonona. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una matibabu. Nenda hospitali ukamweleze daktari kama ulivyo. Najua wapo watakaokuambia ni pepo tu, au ni imani haba. Mimi naamini katika maombi, nimeona watu wakifunguliwa. Lakini Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na Paulo alitembea naye. Tutakuombea, na dawa utakunywa.

Na kama wazo limekuja la kujiondoa uhai, usibaki nalo peke yako hata usiku huu mmoja. Sasa hivi, kabla ya kuendelea kusoma, mwambie mtu: mama, dada, rafiki, jirani, mchungaji, shehe, mwalimu, yeyote unayemwamini. Mwambie kwa maneno ya wazi, usizunguke: "Nawaza kufa, naomba ukae na mimi." Wa kwanza asipokuelewa, mwambie wa pili. Eliya naye aliomba kufa. Kama angepewa alichoomba chini ya ule mti, asingemwona Elisha.

NA YESU JE?

Utauliza, sasa Yesu anaingia wapi? Anaingia palepale kwenye usiku wako. Soma Marko 14, mstari wa 32 na kuendelea. Usiku ule kabla ya kukamatwa, katika bustani ya Gethsemane, Yesu alishikwa na fadhaa na huzuni kubwa mpaka akawaambia rafiki zake kwamba huzuni ile inakaribia kumwua. Akawachukua watatu, Petro, Yakobo na Yohana, akawaomba wakeshe naye. Mwana wa Mungu hakuona aibu kuomba mtu wa kukaa naye usiku! Nao wakalala. Anajua basi jinsi ilivyo kuamka peke yako wengine wakikoroma.

Kesho yake alikufa, akazikwa kaburi la kuazima. Kama angebaki humo, Mhubiri angekuwa amemaliza maneno: mvuke, basi. Lakini siku ya tatu alifufuka. Ndiyo maana Paulo, baada ya kueleza ufufuo katika 1 Wakorintho 15, anafunga sura kwa kuwaambia watu wafanye kazi ya Bwana kwa moyo, kwa sababu haipotei bure. Huko aliko Habili, huko aliko rafiki yangu wa ukoko, wako mikononi mwa Yule aliyetoka kaburini. Nami nimemkabidhi maisha yangu, na kiti changu.

Nenda hata machinjio ya Vingunguti usiku. Utamkuta mbuzi anayengoja asubuhi amelala anacheua. Hajiulizi. Wewe unajiuliza kwa sababu Mungu aliweka umilele moyoni mwako (Mhubiri 3:11), nao haujazwi na kiwanja wala bia. Yeye aliyeuweka anakuulizia.

Kama unataka kumjibu, sema naye hapo ulipo. Si lazima upige magoti, hata kwenye daladala atakusikia. Unaweza kusema hivi:

"Bwana Yesu, mimi naogopa, na nimechoka kujificha. Nimekukosea, nimeishi kama vile hupo. Nisamehe. Ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Leo nakupokea uwe Bwana wa maisha yangu. Nionyeshe nilichofuata hapa duniani. Nipe na watu wa kutembea nao. Amina."

Kama umesema hivyo kwa moyo, usishangae kama usiku wa leo hofu itagonga tena mlango. Mimi iligonga mara nyingi. Amka, washa taa, kunywa maji, msemeshe Yesu kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, halafu rudi kulala.

Kama karatasi hii umepewa uwanjani, wahudumu wako kando ya jukwaa mpaka taa zizimwe. Wafuate, hawatakuuliza umevaa nini. Kama uko mbali na uwanja, Jumapili ingia kanisa lililo karibu nawe linalohubiri Neno, keti nyuma ukipenda. Ibada ikiisha usikimbie. Mwambie mtu mmoja jina lako. Na kama yupo mwenzako uliyemzika, ambaye nafasi yake ilijazwa upesi, mwambie na jina lake.